Tangu Lini? Barafu, Matope na Daftari kama Mashahidi wa Haki

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Ibaba, wilayani Ileje



Ndugu wenyeviti wa Halmashauri za Walei, makatekista, akina mama wa WAWATA, akina baba, vijana wetu wa VIWAWA, nanyi nyote mliopanda milima hii katika ukungu wa asubuhi ili kufika hapa: nawashukuru. Nimeombwa niseme juu ya haki na mazingira. Nitasema juu ya jambo moja tu, nalo kwa umbo ni dogo. Ni jambo la kuandika.

1. Swali lililotunyamazisha

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika parokia nyingine, wazee wa kigango kimoja walinijia na malalamiko. Kijito walichokunywa maji yake tangu enzi za babu zao kilikuwa kimeanza kutoa harufu kila mara mashamba ya juu yalipopigwa dawa. Mbuzi wawili walikuwa wamekufa, na baadhi ya watoto walitokwa na vipele. Nikafuatana nao hadi kwenye ofisi inayohusika.

Bwana aliyetupokea hakuwa mtu mkali. Alitupa viti, akafungua kitabu chake, akauliza: “Tangu lini? Mara ngapi kwa mwaka? Ni siku ngapi baada ya kupiga dawa ndipo harufu hutokea?” Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ni tangu mwaka wa mavuno mabaya. Mwingine akasema sivyo, ni tangu alipozaliwa mjukuu wake. Wa tatu akasema miaka yote ni ile ile. Bwana yule akasubiri kidogo, kisha akafunga kitabu. Tukarudi nyumbani.

Wazee wale hawakusema uongo, na kijito kilinuka kweli. Pua yangu ilishuhudia. Lakini kilio kisicho na tarehe ni rahisi kukiweka kando. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa fedha za jumuiya na za vikoba. Leo nataka tuitumie kwa maji, kwa mvua na kwa hewa, ambazo nazo ni mali, tena mali ya wote.

2. Uumbaji nao huweka daftari

Mahali ambapo wanadamu hawakuandika, Muumba ameacha vitu vinavyoandika vyenyewe. Wataalamu wamejifunza kuvisoma.

Tuanze na mlima tunaouona kwenye noti na katika vitabu vya shule. Juu ya Kilimanjaro, theluji huanguka, hujilundika, hugandamana na kuwa barafu, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka hufunga ndani yake vumbi na hewa ya wakati wake. Mwaka 2000 timu iliyoongozwa na Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ilitoboa barafu hiyo katika sehemu sita na kutoa nguzo ndefu za barafu za kuchunguzwa. Kwa makadirio yao, tabaka la chini kabisa lilikuwa na umri wa miaka ipatayo 11,700. Walikuta tabaka la vumbi jingi, ambalo walilitafsiri kuwa alama ya ukame mkubwa uliotokea miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Karibu na uso wa barafu ya upande wa kaskazini wa kilele walikuta alama nyingine: chembe zilizotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa katika Bahari ya Pasifiki mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Hebu tafakarini. Bomu lililipuliwa katika visiwa vya mbali, upande wa pili wa dunia, na wakulima wa Kilimanjaro hawakuulizwa wala hawakuambiwa. Hata hivyo, mlima wao uliandika.

Hatuna haja ya kwenda mbali hadi Kilimanjaro. Katika wilaya jirani ya Rungwe liko ziwa dogo la kreta liitwalo Kisiba, ambalo wataalamu huliita Masoko. Kila msimu maji huingiza humo udongo, majivu ya mioto na chavua za maua, navyo huzama na kutulia chini taratibu. Watafiti wametoa matope ya ziwa hilo na kusoma ndani yake habari za zaidi ya miaka 40,000: lini misitu ilitawala, lini nyasi, lini volkano za Rungwe zilimwaga majivu. Vivyo hivyo, mwaka 2005 walitoboa sakafu ya Ziwa Nyasa. Matope yake yakaeleza kwamba, kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, palikuwa na vipindi vya ukame wa kutisha, na ziwa hilo lilipungua kina kwa mita zipatazo 600. Ninyi mnaolijua ziwa lile pale Kyela mwaweza kupima wenyewe uzito wa maneno hayo.

3. Kilichoandikwa katika barafu ya kaskazini

Sasa naomba mnifuate hadi nchi za kaskazini kabisa mwa dunia, ambako bahari huganda na watu wa kabila la Inuit huishi kwa kuvua samaki na kuwinda sili na nyangumi. Nchi ile haina mashamba. Hakuna mtu anayepiga dawa za wadudu. Hakuna viwanda vya kutajika. Katika miaka ya 1980, daktari mmoja wa Kanada, Éric Dewailly, alichunguza maziwa ya akina mama wa Inuit wa kaskazini mwa Quebec, akitarajia kukuta maziwa safi kuliko ya akina mama waishio karibu na viwanda. Alikuta kinyume chake. Kemikali ziitwazo PCB, zilizotumika hasa katika mafuta ya transfoma na mitambo ya umeme, zilikuwa katika maziwa yao kwa kiasi cha karibu mara 5 ya kile cha akina mama wa kusini.

Zilifikaje huko? Kemikali za aina hii haziozi upesi. Katika joto hupanda hewani kama mvuke, upepo huzibeba, zikikutana na baridi huanguka, joto likirudi hupanda tena. Huenda hivyo kwa kurukaruka kama panzi, hata zikafika mahali ambapo baridi haiziachi tena. Huko huingia katika mafuta ya samaki wadogo, kisha ya samaki wakubwa, kisha ya sili, na mwisho katika titi la mama. Kila hatua huongeza sumu.

Katika safari hiyo sisi pia tumo. DDT ilipigwa katika nyumba na mashamba ya nchi zenye joto, zetu zikiwemo. Toksafeni ilitiwa katika majosho ya ng'ombe ya Afrika Mashariki ili kuua kupe. Kemikali hizo zote mbili ni miongoni mwa zile zilizopatikana katika barafu na wanyama wa kaskazini. Aliyeogesha ng'ombe wake hakuwa na nia mbaya, wala simhukumu. Nasema tu kwamba hewa haina mpaka, na kwamba tunapodai haki kwa wakubwa wa dunia tukumbuke kuwa sisi nasi tuna majirani tusiowaona.

Upepo huo huo huja kwetu pia. Tangu mwaka 1958 mwanasayansi Charles Keeling alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii. Mara nyingi fedha zilikaribia kukatwa, kwa kuwa wakubwa waliona kupima jambo lile lile kila siku ni kazi isiyo na faida. Yeye akaendelea hadi alipofariki mwaka 2005, na wengine wakaipokea kazi yake. Alipoanza, kiasi kilikuwa sehemu zipatazo 315 katika kila milioni. Siku hizi kimepita 420. Barafu ya kusini kabisa mwa dunia, inayotunza hewa ya miaka 800,000, inaonyesha kwamba katika muda huo wote kabla ya enzi ya viwanda kiasi hicho hakikuwahi kupita 300. Hewa hiyo ndiyo inayoifunika dunia kama blanketi na kuongeza joto. Sehemu kubwa imetoka katika viwanda, mitambo na magari ya mataifa tajiri. Mchango wa Afrika nzima kwa mwaka ni kama asilimia 4 tu.

Matokeo yake tunayaona wapi? Ndugu zetu wa Kigoma wanayaona katika nyavu. Vipimo vya joto la Ziwa Tanganyika vilianza kuwekwa mwaka 1913. Watafiti walipovilinganisha na vya siku za karibuni, mwaka 2003 walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto, yamekuwa mepesi, na hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Kwa hiyo mimea midogo inayolisha dagaa imepungua. Mvuvi alikuwa akilalamika siku zote kwamba samaki wanapungua, naye aliambiwa kwamba kosa ni lake, anavua kupita kiasi. Ni kweli uvuvi una sehemu yake. Lakini vipimo vya mwaka 1913 vilisimama upande wake na kusema: si yeye peke yake.

4. Kipimo kilichozaa haki

Yawezekana mtu akauliza: kupima kumemsaidia nani? Nitatoa mifano miwili.

Katika miaka ya 1960 Clair Patterson na wenzake walichunguza barafu ya Greenland, kaskazini, wakaona jinsi madini ya risasi yalivyoongezeka sana katika matabaka ya karne ya ishirini. Sehemu kubwa ya ongezeko la mwisho ilitoka katika petroli, kwa kuwa watengenezaji waliichanganya na risasi ili injini zifanye kazi vizuri. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Wenye biashara hiyo walibisha kwa miaka mingi, lakini barafu ilikuwa imekwisha kuandika. Nchi moja moja zikaanza kuiondoa, na theluji mpya ya Greenland ikaonyesha risasi ikipungua. Kusini mwa Sahara tuliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi duniani inayouza petroli yenye risasi kwa magari.

Mfano wa pili ni yale maziwa ya akina mama wa Inuit. Wawakilishi wao walikwenda katika mikutano ya mataifa na takwimu mkononi. Mwaka 2001 ukasainiwa Mkataba wa Stockholm, ulioanza kutumika mwaka 2004, wa kukomesha au kubana kemikali 12 za kwanza, zikiwemo DDT, toksafeni na PCB. DDT ikaachwa kwa ajili ya kupambana na mbu wa malaria tu, chini ya masharti. Utangulizi wa mkataba huo unawataja waziwazi watu wa kaskazini. Tanzania nayo ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Watu wachache, maskini, wasio na jeshi wala benki, walisikilizwa na dunia. Kilio chao kilikuwa na tarehe.

5. Uaminifu wa mwenye daftari

Ndugu zangu, hapa sina budi kutoa tahadhari. Daftari lapaswa kuwa la kweli hata pale ukweli unapotupunguzia nguvu ya hoja.

Barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12 mwaka 1912. Mwaka 2011 haikufika hata 2. Hilo halina ubishi. Lakini wataalamu wamebishana juu ya sababu. Wapo wanaoonyesha kwamba barafu ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya mlimani ilipokuwa kavu na theluji ikapungua, kabla joto la viwanda halijawa kubwa. Wengine hutilia mkazo joto la dunia. Tena mwaka 2002 ilitabiriwa kwamba barafu yote ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na mabaki yangali yapo, ingawa yanazidi kusinyaa. Mtu anayependa haki hatakiwi kuogopa kusema hayo. Shahidi anayeongeza chumvi kwa nia njema humpa mpinzani wake silaha.

6. Na sisi Ibaba?

Maji ya milima yetu ya Ileje hushuka katika Mto Songwe, ule wa mpakani, unaotutenganisha na kutuunganisha na Malawi, kisha huingia Ziwa Nyasa. Tunachopiga katika kahawa, katika nyanya na katika viazi, mvua hukisomba. Walio chini, Kyela kwa upande wetu na Karonga kwa upande wa pili, ndio Inuit wetu. Nasi tulio juu ya bonde hili twapokea yatokayo kwa walio juu zaidi katika uchumi wa dunia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Novemba 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubali kuunda mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara kwa sababu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Sheria ipo, na mfuko umekubaliwa. Lakini mbele ya sheria na mbele ya mfuko, swali litakuwa lile lile la bwana wa ofisini: tangu lini?

Kanisa limelisema jambo hili kwa muda mrefu. Papa Yohane Paulo II alilifanya kuwa kiini cha ujumbe wake wa Siku ya Amani, Januari 1, 1990. Papa Fransisko alilitolea waraka mzima, Laudato Si', mwaka 2015. Na tangu kale Maandiko yanatupa mfano wa Yosefu kule Misri, aliyewaokoa watu na njaa kwa sababu, wakati wa shibe, alihesabu miaka na kutenga sehemu ya tano ya mavuno.

Basi napendekeza kila kigango kiwe na daftari moja la mazingira, lenye jalada gumu, litunzwe pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa, kwa heshima ile ile. Liwe na sehemu tatu.

Kwanza, mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vyatosha kwa kuanzia. Liwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na paa, lipimwe kila siku saa 3 asubuhi, kisha limwagwe. Milimita moja ndani ya kopo ni sawa na lita moja katika kila mita ya mraba ya shamba. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi. Maana nafasi tupu haisemi kama hapakuwa na mvua au hapakuwa na mpimaji.

Pili, maji. Mara moja kwa juma, mtu mmoja aende kwenye kijito mahali pale pale, aandike kina, rangi, harufu, na kama vyura na samaki wadogo wapo.

Tatu, dawa. Liandikwe jina la dawa kama lilivyo kwenye kopo, tarehe, zao na upepo ulikovuma. Sehemu hii si ya kusutana wala kupelekana polisi. Asiandikwe jirani kwa chuki. Kila mkulima aandikishe ya shamba lake mwenyewe, akianza padre na bustani ya parokia. Na makopo yaliyokwisha yasuuzwe mara tatu, maji ya suuza yarudi katika bomba la kupigia, kisha yatobolewe, asije mtoto akayachotea maji ya kunywa.

Sitawadanganya kwamba mwaka mmoja utatosha. Kwa miaka 5 daftari litaonekana kama kazi ya bure, kama ilivyoonekana kazi ya Keeling. Mtakaofaidi si ninyi mliokaa mbele yangu, bali hao walio mgongoni mwa mama zao. Siku moja mmoja wao ataketi mbele ya meza ya ofisi, ataulizwa, “Tangu lini?”, naye atafungua daftari lenye mwandiko wa bibi yake.



Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni mabadiliko gani ya mvua au maji tunayoyalalamikia katika kitongoji chetu? Je, tunaweza kutaja mwaka yalipoanza?

2. Nani katika jumuiya yetu ameweka kumbukumbu zozote, hata nyuma ya daftari la shule au kwenye kalenda? Tumwombe atuonyeshe.

3. Maji yanayotoka kwetu huenda kwa nani? Tungependa wao waandike nini juu yetu?

4. Nani atapima mvua siku mpimaji wetu akiumwa au akisafiri? Tutaje majina mawili kabla ya kuagana.